Dar, Nairobi au London: ukimbie wapi kwa ajili ya mtoto mwenye ugonjwa wa moyo?

Kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kukimbia kwa ajili ya mtoto mgonjwa, kalenda ina vituo vitatu vinavyofahamika. Aprili kuna London. Mei kuna Mater Heart Run ya Nairobi. Agosti kuna CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam. Kote utavaa fulana yenye nembo, utabandika namba kifuani na kupiga picha ukiwa umelowa jasho. Kinachotofautiana ni pesa: inatoka mfukoni mwa nani, inapita mikononi mwa nani, na mwishowe inamtibu nani. Wanaoniuliza wajisajili wapi karibu wote huanza na umbali na medali. Hapa nitaanza na pesa. Ukikosea umbali utaumwa miguu siku tatu, basi.

Kwa nini moyo

Yapo magonjwa mengi ya watoto yanayokimbiwa: saratani, sikoseli, upofu unaozuilika. Nimechagua moyo kwa sababu una jambo moja linalorahisisha kulinganisha. Mara nyingi tiba yake ni tukio moja kubwa, lenye tarehe na bili. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo akitibiwa mapema na vizuri, anaweza kurudi nyumbani akakua, akaenda shule na kufukuzana na wenzake. Kwa hiyo mwandaaji wa mbio anaweza kuulizwa swali rahisi na akalijibu: watoto wangapi?

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takribani 8 hadi 10 wana kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Si wote wanaohitaji upasuaji, maana matundu mengine madogo hujiziba yenyewe. Wengine wana tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo. Wengine wana mshipa ambao ulipaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, ukabaki wazi. Wengine wana kasoro nne kwa pamoja, hali iitwayo tetralojia ya Fallot, na hao ndio unaowaona midomo ya bluu, wakichuchumaa kila wakichoka kucheza. Mama huwa anajua kuna jambo hata kabla ya kipimo: mtoto anatoka jasho akinyonya, anahema mbiombio, haongezeki uzito, na nimonia haimwishi.

Kuna kundi la pili ambalo mabango ya mbio hulisahau. Hawa walizaliwa na moyo mzima. Walipata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, hayakutibiwa, ikafuata homa ya rumatiki, na kinga ya mwili ikaanza kushambulia valvu za moyo. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeweza kuzuia. Valvu ikishaharibika, mtoto huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na wengine hufika kwenye upasuaji. Sijaona bado mbio zenye bango la penisilini. Picha ya mtoto aliyetoka chumba cha upasuaji huvuta mdhamini kuliko picha ya chupa ya dawa, na mdhamini naye ana bosi wake.

Upande wa gharama, fikiria kilicho mezani siku ya upasuaji wa kufungua kifua. Moyo unasimamishwa, na mashine inafanya kazi yake na ya mapafu kwa muda. Kifaa kinachoingiza oksijeni kwenye damu hutumika kwa mtoto mmoja tu kisha kinatupwa, na mirija yake vivyo hivyo. Pale tundu linapozibwa bila kupasua kifua, kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, kile kizibo kidogo kinaagizwa kutoka nje. Baadaye kuna siku za chumba cha uangalizi maalumu. Hospitali ya umma inaweza kuwa na daktari, jengo na umeme, halafu mtoto akasubiri kwa sababu vifaa hivyo vya kutumia mara moja havijalipiwa. Hapo ndipo pesa ya mbio huingia, na ndiyo maana inaleta tofauti kubwa kuliko ukubwa wake.

Swali la fulana

Kabla ya kulinganisha, shika swali moja: nani analipa fulana?

Mbio zina gharama. Fulana, medali, namba yenye kifaa cha kupimia muda, maji, gari la wagonjwa, mahema, jukwaa, spika, zawadi za washindi. Tuseme umelipa shilingi 40,000 na vyote hivyo vimegharimu 30,000 kwa kila mkimbiaji. Mtoto amepata 10,000, na wewe umenunua fulana ya bei mbaya. Lakini kampuni ikibeba gharama hizo, 40,000 yako yote inaweza kwenda hospitali. Ndiyo sababu mbio mbili zenye kiingilio kilekile zinaweza kutofautiana mara nne kwa kile kinachomfikia mgonjwa, na bango halitakuambia. Inabidi uulize. Mwandaaji makini ana jibu la sentensi moja. Ukipewa hotuba kuhusu kugusa jamii, endelea kuuliza.

Nairobi: hospitali inayojiandalia

Mater Heart Run ni ya tangu miaka ya 1990, na ilianza kabla mbio za hisani hazijawa fasheni huku kwetu. Anayeziandaa ni Hospitali ya Mater Misericordiae yenyewe, ile ya South B iliyofunguliwa mwaka 1962 na Masista wa Huruma kutoka Ireland. Mpango wake wa moyo ulianza mwaka 1996, na mbio zipo kwa ajili ya kulipia watoto ambao wazazi wao hawawezi bili.

Hilo linaipa sifa ambayo wengine hawana: anayepokea pesa yako ndiye anayemtibu mtoto. Hakuna benki katikati wala shirika linalokata asilimia ya uendeshaji kabla ya kukabidhi. Ukitaka kujua imefanya nini, mlango wa kugonga ni mmoja. Upungufu wake unatoka hapohapo. Pesa inabaki ndani ya hospitali moja, ya misheni, ambayo mishahara na vitanda vyake havilipwi na serikali, kwa hiyo bili ya mtoto ina mambo mengi zaidi ya vifaa.

Kama mbio, ni nyepesi, na hilo nalisema kwa kuisifu. Umbali unaozoeleka ni kilomita 10, kitovu chake kwa Nairobi ni Uwanja wa Nyayo, na miji mingine ya Kenya imekuwa na ya kwake siku ileile. Unanunua fulana, na fulana ndiyo tiketi. Ukitaka kukimbia, kimbia. Wengi wanatembea: ofisi nzima na meneja wao, shule, vikundi vya kanisa, akina baba wanaosukuma vigari vya watoto, watoto waliokwisha kupasuliwa wakiwa na wazazi wao. Anayetafuta muda wake bora wa maisha atakwama nyuma ya familia iliyoshikana mikono barabara nzima. Akasirike kimoyomoyo.

Kwa mtu wa pwani, jambo moja la kujipanga. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 10 unazozimaliza Mombasa au Tanga ukipiga soga, kule zitakukata pumzi kwenye mwinuko wa kwanza. Na Mei masika hayajaisha, kwa hiyo chukua koti jepesi.

Nani namshauri aende Mater: mwenye familia, mwenye kikundi cha kazini, anayeanza, na yeyote ambaye hana muda wa mazoezi ya miezi. Kwa fulana kumi za familia mtoto anapata zaidi kuliko kwa mwanamichezo mmoja mwenye viatu vya bei.

Dar es Salaam: benki mbele, taasisi nyuma

CRDB Bank Marathon ni changa. Ilianza Agosti 2020, mwaka ambao mbio nyingi duniani zilikuwa zimefutwa kwa sababu ya korona, na ikajitambulisha kwa kaulimbiu ya "Kasi Isambazayo Tabasamu". Tabasamu lenyewe lilikuwa la watoto wanaosubiri upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Upanga katika eneo la Muhimbili. Taasisi hiyo ilianza kujitegemea mwaka 2015. Kabla huduma zake hazijakua, mtoto wa Kitanzania mwenye tatizo kubwa la moyo alikuwa akitafutiwa safari ya India, na wenye kukumbuka wanajua foleni ile ilikuwa ya namna gani.

Hapa waliopo ni wawili: benki inayoandaa na taasisi ya umma inayopokea. Kwenye swali la fulana, mpangilio huu una nguvu, kwa sababu benki ina uwezo wa kubeba gharama na kuwavuta washirika wake wa kibiashara, na mchango wa kampuni moja unaweza kuzidi viingilio vya mamia ya wakimbiaji. Kiingilio chako pale ni sehemu tu ya fungu. Wapo wanaolidharau hili, wanasema benki inajitangaza. Inajitangaza, ndiyo. Mama aliye na mtoto wodini hana shida na tangazo. Shida yangu mimi ingeanza kama tangazo lingegharimu kuliko hundi, na hilo ni la kuuliza kwa kila mdhamini, kila mwaka, wa mbio zozote.

Faida ya pili ni ile niliyoitaja: JKCI ni taasisi ya serikali, wataalamu na majengo vipo, na maofisa wa ustawi wa jamii ndio wanaopitia hali ya familia zisizomudu. Shilingi ya mbio inajazia pengo lililopo, haijengi nyumba kuanzia msingi.

Sasa tahadhari. Fungu la CRDB limepanuka. Katika miaka iliyofuata, mbali na watoto wa moyo, pesa imekwenda pia kwa akina mama kupitia hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam: wenye fistula, yaani jeraha la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi, na wenye ujauzito hatarishi. Mimi sioni ubaya, nao wanastahili. Lakini kama umeahidi marafiki zako kwamba kila senti ni ya mtoto wa moyo, soma tangazo la mwaka husika kabla hujawaambia. Wakenya wana mfano wao wa jambo hili. Standard Chartered Nairobi Marathon, iliyoanza 2003, kwa miaka mingi ilikuwa ikichangia vita dhidi ya upofu unaozuilika, watoto wakiwemo. Kuanzia 2019 ikahamia mpango wa kuwainua vijana kiuchumi. Jina la mbio lilibaki lilelile. Aliyejisajili kwa mazoea akidhani anachangia macho, alichangia kitu kingine, kizuri pia, ila si alichokusudia.

Kama mbio, hizi ni mbio kamili. Kuna kilomita 5, 10, 21 na 42, na baiskeli wana njia yao. Mahali ni viwanja vya The Green, Oysterbay, vile ambavyo wenyeji bado tunaviita Farasi. Agosti Dar ni kipupwe, hali ya hewa iliyo bora kuliko miezi mingine yote, lakini jua la saa mbili asubuhi halijui kipupwe. Ukiwa wa 42, mpango wako wote uwe wa kumaliza sehemu kubwa kabla halijapanda. Ukiwa wa 21 kwa mara ya kwanza, anza taratibu, usifuatane na vijana wa klabu za jogingi wanaoanza wakiimba. Wakifika kilomita ya kumi na tano huwa hawaimbi.

Mbio hizi zimevuka mpaka pia. Benki ina matawi Burundi na Kongo, na mwaka 2024 zilifanyika Bujumbura na Lubumbashi. Msomaji wa huko aulize zaidi kuhusu mnufaika wa mji wake, maana asidhani hundi inarudi Upanga.

Nani namshauri aende Dar: anayetaka umbali wa kweli na muda uliopimwa, klabu za jogingi, na mfanyakazi ambaye kampuni yake inaweza kuombwa kuongeza chochote. Huyu wa mwisho ndiye wa thamani kuliko wote. Barua moja kwa mkurugenzi, yenye majina ya wenzako ishirini, inaweza kuleta pesa ambayo hamtaipata kwa kukimbia hadi uzeeni.

London: ahadi yenye jina lako

Sisi huku London Marathon tunaijua kwa Eliud Kipchoge, aliyeishinda mara nne, na kwa Kelvin Kiptum aliyekimbia saa 2:01:25 mwaka 2023. Waingereza wengi wanaijua kwa jirani yao aliyevaa vazi la faru akichangisha pesa. Tangu ilipoanza mwaka 1981 imekuwa mashine kubwa ya hisani: mwaka 2025 pekee wakimbiaji walikusanya pauni milioni 87.3.

Kuingia ndiyo kazi. Kwa mbio za 2025, walioomba nafasi kupitia bahati nasibu ya wazi walizidi 840,000, na waliomaliza mbio walikuwa zaidi ya 56,000. Ndiyo maana wengi hupitia mlango wa pili. Mashirika ya hisani yananunua nafasi, kisha yanampa mkimbiaji anayeahidi kuchangisha kiasi fulani, mara nyingi pauni 2,000 au zaidi. Ukitaka watoto, yapo kadhaa. Maarufu kuliko yote ni la Great Ormond Street, hospitali ya watoto iliyofunguliwa London mwaka 1852, ambayo kati ya kazi zake ni upasuaji na hata upandikizaji wa moyo kwa watoto.

Mtindo huu wa kuahidi kiasi na kukimbia ulipata mvuto mkubwa kupitia ugonjwa wa mtoto. Mwaka 1988, Mmarekani Bruce Cleland, ambaye binti yake alikuwa na lukemia, saratani ya damu, aliwakusanya wakimbiaji 38 wakaenda marathoni ya New York wakiwa na ahadi za wafadhili. Walirudi na dola 322,000. Leo programu hiyo inaitwa Team In Training, na mashirika mengi duniani yameiga.

Msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa utaratibu huu. Ni kamati ya harusi, isipokuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni wewe mmoja. Utafungua kundi la WhatsApp, utaweka orodha ya ahadi, utawakumbusha watu kwa upole mwezi wa kwanza na kwa ukali kidogo mwezi wa nne. Na kama kwenye harusi, kuna watakaoahidi elfu hamsini na kupotea. Tofauti ni kwamba harusi itafanyika hata ahadi zikipungua, ila hapa umesaini na shirika. Masharti ya upungufu yasome kabla, si baada.

Nguvu ya London iko kwenye kuzidisha. Mater ukinunua fulana moja, mtoto anapata sehemu ya fulana moja. London ukitimiza ahadi, umeleta pesa za watu hamsini au mia ambao wasingetoa bila wewe kuwasumbua. Kuna na nyongeza ya sheria ya Uingereza: mchangiaji anayelipa kodi huko akijaza tamko la Gift Aid, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Hapo pauni 100 inakuwa 125 bila mtu kutoa zaidi. Shangazi aliye Tabora hana nyongeza hiyo, kwa hiyo usimbane. Wabane wafanyakazi wenzako wa Leeds na Birmingham.

Udhaifu wake, kwa mizani yangu, ni mmoja na ni mkubwa: pesa inabaki kule. Mtoto wa London anaugua kama mtoto wa Kigoma, na wazazi wake wanalia vilevile, lakini upasuaji wake unalipiwa na mfumo wa afya wa taifa hata usipokimbia. Mchango unakwenda kwenye utafiti, malazi ya wazazi, vifaa vya ziada. Vya maana vyote. Wa Kigoma anasubiri upasuaji wenyewe. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya wa Uingereza anayenipa hiari nimchagulie, ninamwambia atafute shirika linalopeleka timu za upasuaji wa moyo kwenye nchi zisizo na madaktari wa kutosha, na kuwafundisha wenyeji. Chain of Hope, lililoanzishwa na Sir Magdi Yacoub katika miaka ya 1990, ni la aina hiyo, na kazi yake imefika Ethiopia na Msumbiji. Uliza kama wana nafasi mwaka unaoutaka. Wasipokuwa nayo London, huwa kuna mbio ndogo zenye ahadi ndogo, na pauni ni pauni.

Walio kwingine

Walio Marekani mara nyingi watatajiwa St. Jude, hospitali ya Memphis iliyofunguliwa mwaka 1962 na Danny Thomas. Zaidi ni ya saratani za watoto. Marathoni yake ni ya Desemba, njia inapita ndani ya viwanja vya hospitali, na familia ya mgonjwa haipelekewi bili. Mkimbiaji wa Minnesota au Texas anayetaka kuhakikisha mchango una mkono hata nje ya Marekani atafurahi kujua kwamba hospitali hii inashirikiana na Shirika la Afya Duniani katika mpango ulioanza 2018, wenye lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kupona ifikapo 2030.

Walio Dubai na Abu Dhabi wana Terry Fox Run, ambayo msimamo wake ni kinyume cha yote niliyoyaeleza hapo juu. Terry Fox alikatwa mguu akiwa na miaka 18 kwa saratani ya mfupa, na mwaka 1980 akaanza kuikimbia Kanada kwa mguu wa bandia. Alifika siku 143 na kilomita 5,373 kabla saratani haijamrudia kwenye mapafu. Mbio zenye jina lake hazina mashindano wala kiwango cha chini cha kuchangia. Unatoa ulichonacho, unatembea, unarudi nyumbani. Pesa ni ya utafiti wa saratani, kwa hiyo si ya watoto peke yao.

Ukiwa na shilingi 50,000 na huna muda

Hapa nitasema jambo ambalo waandaaji hawalipendi. Ukiishi Mwanza, nauli ya kwenda Dar, malazi na kiingilio vinaweza kulipia sehemu ya kutosha ya vifaa vya mtoto mmoja. Kama hukimbii kwa furaha yako, usisafiri. Tuma pesa moja kwa moja kwa hospitali, kwa namba yao rasmi ya malipo, uombe risiti. Usitume kwa namba binafsi ya mtu anayesema yuko kwenye kamati, hata kama sauti yake ni ya mtumishi wa Mungu. Kwa Lipa Namba au Paybill ya taasisi, jina litakalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri liwe la taasisi. Likitokea la mtu, katisha.

Na kama unakimbia kwa furaha yako, basi kimbia, maana furaha ndiyo inayokufanya urudi mwaka ujao na watu wawili zaidi. Mimi ningempeleka Mater anayeanza, Dar mwenye klabu, London mwenye marafiki wengi wenye mishahara. Ningekuwa na nafasi moja tu mwaka huu ningechagua Dar, nikiwa na barua ya mwajiri mkononi, kwa sababu pale shilingi inakutana na daktari aliyekwishalipwa.

Kikundi kikijisajili, teueni mtu mmoja wa kufuatilia. Siku ya mbio kutakuwa na hundi kubwa ya karatasi jukwaani, viongozi wataishika, kamera zitapiga. Hundi ile ni ahadi. Miezi mitatu au minne baadaye, mtu wenu aandike kwa mwandaaji na kwa hospitali maswali mawili: pesa imeingia, na watoto wangapi wametibiwa kwayo? Majina hamuhitaji, wala picha za watoto vifua wazi msiziombe. Idadi inatosha. Ikija, ibandikeni kwenye kundi kabla usajili wa mwaka unaofuata haujafunguliwa.